Nchi Ipi Ipewe Upendeleo wa Kibiashara? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mjadala kuhusu ushuru na maendeleo unapofunguliwa, maswali yaleyale hurudi: nani anastahili kuuza bila ushuru, nani aamue, na nani aondolewe. Majibu yaliyo hapa yanaweza kusomwa moja moja. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

1. Upendeleo wa kibiashara ni nini hasa?

Ni uamuzi wa nchi moja kuziruhusu bidhaa za nchi fulani zinazoendelea ziingie katika soko lake kwa ushuru wa forodha ulio chini ya ule wanaotozwa wengine, au bila ushuru kabisa, pasipo kudai punguzo kama hilo kwa bidhaa zake yenyewe. Hapo ndipo unapotofautiana na mkataba wa biashara huria, ambamo kila upande hutoa na kupokea.

Chukua mfano wa mavazi. Mavazi mengi yanayoingia katika Umoja wa Ulaya hutozwa ushuru wa asilimia 12. Yakitoka katika nchi iliyo kwenye daraja la kawaida la upendeleo wa Umoja huo, hutozwa asilimia 9.6, yakitoka katika nchi iliyo kwenye daraja la nchi maskini zaidi, hayatozwi kitu. Kwa kiwanda ambacho faida yake kwa kila shati ni ndogo, tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo mnunuzi ataagiza kwake au atakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana swali la nani aorodheshwe haliwahusu makarani wa forodha peke yao. Linahusu ajira za watu.

2. Wazo hili lilitoka wapi, na mbona halivunji kanuni ya usawa katika biashara ya dunia?

Kanuni ya msingi ya Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, yaani GATT, ni kwamba nafuu anayopewa mwanachama mmoja wapewe wote. Katika Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo, uliofanyika Geneva mwaka 1964, mwanauchumi wa Argentina Raúl Prebisch, aliyekuwa Katibu Mkuu wake, alitoa hoja kwamba kuwatendea sawa wasio sawa ni kuuendeleza upungufu wa yule aliye nyuma. Viwanda vichanga havingeweza kushindana na viwanda vilivyokomaa bila kupewa mlango mpana zaidi wa kuingilia sokoni.

Mkutano wa pili, uliofanyika New Delhi mwaka 1968, uliridhia kuanzishwa kwa mfumo wa jumla wa upendeleo, unaofupishwa kwa Kiingereza GSP. Mwaka 1971 wanachama wa GATT walitoa ruhusa ya miaka kumi ya kukiuka kanuni ya usawa kwa ajili hiyo, na mwaka 1979 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu kwa uamuzi ambao hapa tutauita Kifungu Wezeshi. Jumuiya ya Ulaya ilianza kutoa upendeleo mwaka 1971, na Marekani mwaka 1976.

Neno la kushika hapa ni kwamba Kifungu Wezeshi kinaruhusu, hakilazimishi. Hakuna nchi tajiri inayoweza kushtakiwa kwa kutotoa upendeleo. Ikishaamua kuutoa, hata hivyo, inafungwa na masharti yanayoelezwa katika swali la 7.

3. Ni nani wanaotoa upendeleo huo leo?

Umoja wa Ulaya, Uingereza, Japani, Kanada, Uswisi, Norwei na Australia ni miongoni mwao. Mpango wa sasa wa Uingereza ulianza Juni 2023 ukiwa na nchi 65. Mpango wa jumla wa Marekani uliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2020, na kukosekana kwake kumewafundisha wauzaji wengi kwamba upendeleo unaotegemea kura za bunge la nchi nyingine si msingi imara wa kujengea kiwanda. Baadhi ya nchi zinazoendelea nazo hutoa: India ilifungua mpango wa nchi maskini zaidi mwaka 2008, na China, kuanzia tarehe 1 Desemba 2024, iliondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi ambazo ina uhusiano wa kibalozi nazo.

## Nani anahesabiwa

4. Nani huamua kwamba nchi fulani ni "nchi inayoendelea"?

Katika Shirika la Biashara Duniani, lililorithi GATT, nchi hujitangaza yenyewe. Hakuna kipimo kilichokubaliwa na wote. Wengi husoma sentensi hiyo wakadhani kwamba kujitangaza kunatosha kupata upendeleo. Hakutoshi. Kujitangaza huipa nchi nafuu zilizomo ndani ya mikataba ya Shirika, kama vile muda mrefu zaidi wa kutekeleza wajibu. Upendeleo wa ushuru ni jambo jingine, kwa kuwa kila mtoaji huandika orodha yake kwa vigezo vyake.

Kigezo kinachotumika sana ni pato la taifa kwa kila mtu kama linavyopangwa na Benki ya Dunia. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2014, nchi iliyopangwa katika kundi la kipato cha juu au cha kati-juu kwa miaka mitatu mfululizo huondolewa. Marekani iliweka mpaka wake juu zaidi: iliwaondoa wale waliofikia kundi la kipato cha juu. Kwa hiyo nchi moja inaweza kuwa maskini ya kutosha kwa mtoaji mmoja na tajiri mno kwa mwingine, katika mwaka uleule na kwa takwimu zilezile.

5. Nchi zenye maendeleo duni zaidi huchaguliwaje?

Hizi ndizo tunazoziita hapa nchi maskini zaidi, na hili ndilo kundi pekee ambalo orodha yake haiandikwi na watoaji. Umoja wa Mataifa uliianzisha mwaka 1971 ikiwa na nchi 25, na kamati yake ya wataalamu wa sera za maendeleo huipitia kila baada ya miaka mitatu. Vipimo ni vitatu: pato la taifa kwa kila mtu; hali ya rasilimali watu, yaani afya na elimu; na kiwango cha nchi kuwa hatarini kutokana na mitikisiko ya uchumi na mazingira. Katika mapitio ya mwaka 2024, nchi iliweza kuingia ikiwa pato lake halikuzidi dola 1,088 kwa mtu, na mstari wa kutoka ulikuwa dola 1,306.

Ili kutoka, au kuhitimu kama inavyosemwa, nchi inapaswa kuvuka vipimo viwili kati ya vitatu katika mapitio mawili mfululizo, au iwe na pato lililo juu mno ya mstari. Botswana ilitoka ya kwanza mwaka 1994. Baada ya São Tomé na Príncipe kutoka Desemba 2024, orodha ilibaki na nchi 44.

Kuingia kunahitaji ridhaa ya nchi yenyewe, na wako waliokataa. Ghana na Zimbabwe zilionekana kukidhi vigezo, lakini hazikukubali kuorodheshwa. Anayeona uamuzi huo ni wa ajabu akumbuke kwamba jina la umaskini lina gharama yake mbele ya wakopeshaji na wawekezaji, na kwamba serikali ina haki ya kuipima gharama hiyo dhidi ya ushuru utakaosamehewa.

6. Kwa nini pato la taifa kwa kila mtu lisitoshe kuwa kipimo?

Kwa sababu ni wastani, na wastani huficha mambo mawili yanayohusu biashara moja kwa moja: pato linatoka wapi, na linaweza kupotea kwa kasi gani.

Angola inaonyesha la kwanza. Ilipendekezwa kuhitimu kwa kigezo cha pato peke yake, huku vipimo vya afya, elimu na hali ya hatari vikiwa bado havijavukwa. Pato lenyewe lilikuwa la mafuta. Bei ya mafuta iliposhuka, uchumi ukadhoofika, na kuhitimu kulikopangwa kufanyika mwaka 2021 kukaahirishwa. Nchi ilikuwa imekaribia kutoka katika kundi la maskini bila ya kujenga viwanda ambavyo upendeleo ulikusudiwa kuvikuza.

Maldivi inaonyesha la pili, na kwangu mimi ndiyo hoja nzito kuliko zote katika ukurasa huu. Tarehe 20 Desemba 2004, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba visiwa hivyo vimeendelea vya kutosha kutolewa katika orodha. Siku sita baadaye tsunami ya Bahari ya Hindi ilivipiga. Ilibidi kuhitimu kusogezwe mbele, na visiwa vikatoka rasmi Januari 2011. Takwimu zilizotumika hazikuwa za uongo. Zilikuwa sahihi kuhusu mapato ya visiwa na hazikusema lolote la kutosha kuhusu udhaifu wa ardhi iliyo karibu sawa na usawa wa bahari. Mtoaji anayepima pato peke yake hujiondolea uwezo wa kuuona udhaifu wa namna hiyo kabla haujageuka kuwa msiba.

## Usawa kati ya wapokeaji

7. Je, mtoaji anaweza kuipa nchi moja inayoendelea zaidi ya nyingine?

Anaweza, lakini kwa sharti. Jibu lilitolewa mwaka 2004 katika kesi ambayo India iliufungulia Umoja wa Ulaya ndani ya Shirika la Biashara Duniani. Ulaya ilikuwa na mpango maalumu wa ushuru nafuu kwa nchi 12 zilizokuwa zikipambana na uzalishaji na usafirishaji wa dawa za kulevya. Kumi na moja zilikuwa za Amerika ya Kusini na Kati, na ya kumi na mbili ilikuwa Pakistani, mshindani wa moja kwa moja wa India katika nguo.

Chombo cha Rufani cha Shirika hilo hakikukubali hoja kwamba wapokeaji wote lazima watendewe sawa kabisa. Kilisema kwamba mahitaji ya nchi zinazoendelea hutofautiana, na kwamba mtoaji anaweza kuitikia tofauti hizo, mradi wote walio katika hali inayofanana wapate nafuu ileile na mahitaji yenyewe yapimwe kwa kigezo kisichotegemea matakwa ya mtoaji. Mpango wa dawa za kulevya ulianguka kwa sababu orodha yake ilikuwa imefungwa: hapakuwa na kigezo kilichoandikwa ambacho nchi ya kumi na tatu ingeweza kukitimiza ikaingia.

Ulaya iliufuta ikaweka daraja jipya, GSP+, lenye mlango ulioandikwa. Nchi huomba yenyewe, inathibitisha kwamba mauzo yake yameegemea bidhaa chache, na inaridhia na kutekeleza mikataba 27 ya kimataifa kuhusu haki za binadamu, kazi, mazingira na utawala bora. Pakistani iliingia katika daraja hilo mwaka 2014. Ilipata tena nafuu, lakini safari hii kwa njia ambayo jirani aliye katika hali kama yake angeweza kuifuata. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Orodha iliyofungwa humfanya mpokeaji awe mteule wa mtoaji. Kigezo kilichoandikwa humpa kitu cha kudai.

8. Ikiwa ubaguzi hauruhusiwi, sheria ya Marekani kwa ajili ya Afrika, AGOA, ilipitaje?

Kwa ruhusa maalumu. Sheria hiyo ya mwaka 2000 inazihusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara peke yake, na eneo la kijiografia si hitaji la maendeleo kwa maana iliyoelezwa katika swali la 7. Kwa hiyo Marekani iliomba ruhusa ya wanachama wa Shirika ya kutofuata kanuni ya kawaida. Njia hiyo ni halali, ila humfanya mpokeaji ategemee ridhaa mbili: ya bunge la mtoaji na ya wanachama wengine.

## Kuondolewa

9. Nchi ikifanikiwa katika bidhaa moja tu, hupoteza upendeleo wote?

Si lazima. Watoaji wengi hutenganisha nchi na bidhaa. Umoja wa Ulaya huondoa kundi la bidhaa za nchi iliyo katika daraja la kawaida pale sehemu yake katika uagizaji wenye upendeleo inapovuka kiwango kilichowekwa, ambacho kwa bidhaa nyingi ni asilimia 57 na kwa nguo na mavazi ni asilimia 47.2. Nchi maskini zaidi hazikatwi kwa namna hii. Utaratibu huo una haki ndani yake, kwa kuwa sekta iliyokwisha kushinda haihitaji kubebwa, nayo huwaachia nafasi wanaoanza.

10. Je, China na India zistahili?

Hapa pato la mtu mmoja mmoja na ukubwa wa uchumi hugongana. Nchi inaweza kuwa na mamilioni ya maskini na wakati huohuo kuwa na viwanda vinavyoweza kuijaza nafasi yote iliyotengwa kwa ajili ya wote. Umoja wa Ulaya uliiondoa China Januari 2015 kwa kigezo cha kipato, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2019.

India iliondolewa na Marekani tarehe 5 Juni 2019, lakini kwa sababu ya namna nyingine kabisa: Marekani ilisema kwamba India haikuihakikishia bidhaa za Kimarekani nafasi ya haki katika soko lake. Nadhani sababu hizo mbili zisichanganywe. Kumwondoa aliyekua ni kuutunza mfumo. Kumwondoa kwa kuwa hakufungua soko lake ni kudai malipo kwa kitu kilichoahidiwa kuwa hakidai malipo.

11. Ni haki kuondoa upendeleo kwa sababu ya haki za binadamu?

Watu wema wanatofautiana hapa, na mimi sitajifanya kwamba jibu ni jepesi. Serikali inayowafunga wapinzani na kuvunja vyama vya wafanyakazi haina dai la kimaadili la kufunguliwa milango. Lakini ushuru haulipwi na serikali hiyo. Unaangukia kiwanda, na kutoka kiwandani unamwangukia mshonaji.

Mwaka 2009 mapinduzi yalitokea Madagaska, na Januari 2010 nchi ikatolewa katika AGOA. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiuza Marekani vilipoteza soko, na wengi wa walioachishwa kazi walikuwa wanawake ambao hawakuwa na sauti yoyote katika mapinduzi hayo. Nchi ilirudishwa mwaka 2014, lakini kiwanda kilichofungwa hakisubiri tu siku ya kurudishwa.

Umoja wa Ulaya ulijaribu njia ya kati kwa Kambodia Agosti 2020. Uliondoa upendeleo kwa takriban sehemu moja ya tano ya mauzo ya nchi hiyo kwake, ukaacha nyingine, baada ya uchunguzi uliotangazwa na kuipa serikali nafasi ya kujibu. Ninaiona hiyo kuwa adhabu yenye kipimo: inatangulia onyo, inataja kosa, na haiwatupi wafanyakazi wote jalalani kwa siku moja. Sri Lanka nayo iliondolewa katika GSP+ mwaka 2010 na kurejeshwa mwaka 2017, jambo linaloonyesha kwamba mlango wa kurudi ukiwa umeandikwa, serikali zinazofuata huutumia.

12. Na sera za ndani za uchumi je, zinaweza kuwa sababu?

Zimekuwa. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ikitaka kuinua ushonaji wa nyumbani. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani walilalamika, na mwaka 2018 Rwanda ilisimamishiwa nafuu ya mavazi chini ya AGOA. Mauzo yaliyoguswa yalikuwa madogo, lakini ujumbe ulikuwa mkubwa: nchi iliadhibiwa kwa kujaribu kujenga kiwanda kilekile ambacho upendeleo ulidaiwa kukisaidia. Hoja ya swali la 10 kuhusu malipo yaliyofichika inahusika hapa pia.

## Hali za pembezoni

13. Kwa nini nchi nyingine ziko kwenye orodha lakini hazinufaiki?

Mara nyingi ni kwa sababu ya vigezo vya uasili wa bidhaa, yaani kanuni zinazoamua kama shati ni la nchi iliyolishona au la nchi iliyofuma kitambaa chake. Umoja wa Ulaya ulipolegeza kanuni zake mwaka 2011, ukakubali kwamba kwa nchi maskini zaidi hatua moja ya utengenezaji inatosha, washonaji wanaotumia kitambaa cha nje, kama wengi wa Bangladeshi, walifunguliwa mlango uliokuwa wazi kwenye karatasi tu. AGOA nayo iliziruhusu nchi zenye kipato cha chini zaidi kutumia kitambaa kutoka popote, na sekta ya mavazi ya Lesotho ilisimama juu ya ruhusa hiyo.

Sababu nyingine ni bidhaa zilizoachwa nje. Marekani ilipoisimamisha Bangladeshi katika mpango wake wa jumla mwaka 2013, baada ya jengo la Rana Plaza kuanguka na kuua zaidi ya watu 1,100, hatua hiyo haikugusa mavazi, kwa kuwa mavazi mengi hayakuwamo katika mpango huo tangu mwanzo. Kwa hiyo anayesoma orodha ya nchi asome pia orodha ya bidhaa.

14. Itakuwaje nchi za umoja mmoja wa forodha zikiwa na hadhi tofauti?

Hutokea mvutano. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya nchi maskini zaidi, na Kenya haimo. Majirani wangeweza kuendelea kuuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba wa biashara nayo, ilhali Kenya ingebaki na daraja la kawaida, na maua yake yangetozwa ushuru. Ndipo Kenya ikatia saini mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kila nchi ilikuwa na sababu yake ya haki. Ni mistari iliyochorwa kwa nchi moja moja iliyokuwa haikuuzingatia umoja wao.

15. Upendeleo una maana gani ikiwa ushuru wa kawaida unaendelea kushuka?

Maana yake hupungua, kwa kuwa nafuu ni tofauti kati ya ushuru wako na wa mwenzako. Kila mkataba mpya wa biashara huria humomonyoa tofauti hiyo. Inabaki kubwa katika nguo, viatu na baadhi ya mazao ya kilimo, na huko ndiko orodha bado ina uzito.

16. Nchi inayokaribia kuhitimu hupewa muda gani?

Inategemea mtoaji. Umoja wa Ulaya huiachia nchi iliyotoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa miaka mitatu zaidi ya kuuza bila ushuru, ndipo inashuka katika daraja la chini au kuomba GSP+ ikiwa inakidhi masharti yaliyo katika swali la 7. Watoaji wengine hawalazimiki kutoa muda wowote. Mazungumzo na kila mtoaji kwa hiyo huanza mara tu mapitio ya kwanza yanapoonyesha kwamba vipimo vimevukwa, kwa sababu mnunuzi wa nguo hupanga maagizo yake mapema, na huanza kumtafuta mshonaji mwingine kabla tarehe ya kuhitimu haijafika.